Wazazi wa Mtaa, Uyole: Kuhusu Simu za Watoto

ALHAMISI

Mama Atupele, 18:48
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Naomba kila mzazi asome ujumbe huu mpaka mwisho kabla ya kujibu. Kuna namba isiyofahamika inayowaandikia watoto wetu wa darasa la sita na la saba kwenye WhatsApp, ikijitambulisha kuwa ni ya msichana wa sekondari ya hapa hapa Mbeya. Inawatumia bando bila kuombwa, inawasifia, inawauliza wazazi wao huwa wanatoka saa ngapi, na baada ya siku chache inaanza kuomba picha. Watoto watatu wa mtaa huu wameshaandikiwa, na ninasema watatu kwa sababu ndio waliothubutu kusema. Naomba tukutane Jumamosi saa tisa alasiri sebuleni kwa Babu Gwakisa, ambaye ameshakubali kutupokea. Kila mzazi aje na simu yake na simu anayotumia mtoto, ili tuzirekebishe pamoja.

Mama Atupele, 19:31
Ninaona wengi mmesoma. Naomba majibu.

Dada Rehema Wakala, 19:40
Mama Atupele, umenifumbua macho. Watoto waliokuwa wakija kibandani kwangu kununua bando la shilingi mia tano karibu kila jioni hawaji tena, na bado ninawaona wamekaa ukutani wakiperuzi. Nilidhani wazazi wameanza kuwanunulia wenyewe.

Baba Lusajo, 19:52
Kwangu jambo hili limekwisha. Lusajo nimemchapa, simu nimeichukua, na mazungumzo yote na mtu huyo nimeyafuta. Nashauri kila baba afanye hivyo usiku huu, na kikao hakitakuwa na kazi.

Mama Atupele, 20:03
Baba Lusajo, nakuheshimu, na hasira yako naielewa kwa sababu hata mimi nilitetemeka niliposoma aliyoandikiwa binti yangu. Lakini naomba unisikilize. Mtu huyu alimwandikia mmoja wa watoto wetu maneno haya: "Ukimwambia baba yako utachapwa na utanyang'anywa simu." Ndiyo silaha yake yote. Hana nguvu nyingine juu ya mtoto aliye Uyole zaidi ya kujua kwamba mtoto huyo anaogopa kurudi nyumbani na kusema. Tukiwachapa tunathibitisha maneno yake, na mtoto wa nne, aliyekwisha kutuma picha, atakaa kimya na kuendelea kutuma. Na hayo mazungumzo uliyoyafuta ndiyo yaliyokuwa na namba, tarehe na maneno ambayo polisi wangeyahitaji.

Mjomba Eddy, 20:07
Ndiyo maana mimi na kitochi changu hatuachani. Mwiteni huyo mtu ajaribu kunitumia bando mimi, tuone litaingilia wapi!

Mama Neema, 20:09
Hahaha, Mjomba Eddy! Hiyo simu yako ingekuwa mtoto ingeshamaliza chuo. Halafu zile mbegu za viazi ulizoniahidi ziko wapi?

Mjomba Eddy, 20:10
Ziko tayari, dada. Magunia mawili. Njoo kesho asubuhi.

Dada Rehema Wakala, 20:11
Na mimi niwekee debe moja, mjomba.

Mama Atupele, 20:15
Jamani, viazi vitasubiri. Hapa tunazungumza kuhusu mtu mzima anayewaomba watoto picha za utupu. Mwalimu Tusa, naomba utusaidie.

Mwalimu Tusa, 20:38
Asante, Mama Atupele. Wakubwa shikamooni. Nitaeleza yale ninayowaeleza wazazi shuleni, na Jumamosi tutayafanya kwa vitendo.

La kwanza ni umri. WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok zote zinataka mtumiaji awe amefikisha angalau miaka 13, na TikTok haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kutumiana ujumbe wa faragha na watu. Ulinzi huo unategemea mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa siku akaunti inafunguliwa, kwa hiyo mtoto wa miaka 12 aliyeandika kwamba alizaliwa mwaka 2000 anahesabiwa kuwa mtu mzima, na milango yote iko wazi kwake na kwa wanaomtafuta. Nimekuta akaunti nyingi za namna hiyo, na si chache zilifunguliwa na kaka au shangazi aliyetaka kumfurahisha mtoto. Jumamosi tutaanza na mwaka wa kuzaliwa.

Kwenye WhatsApp, fungua Mipangilio, kisha Faragha, kisha Vikundi, uchague kwamba watu walio kwenye orodha yako ya majina peke yao ndio wanaoweza kukuingiza kwenye kikundi. Hapo hapo kwenye Faragha kuna sehemu ya kunyamazisha simu za watu wasiojulikana. Hata hivyo, hatua hiyo haimzuii mtoto kubonyeza kiungo cha mwaliko alichotumiwa na mwenzake na kuingia kikundini mwenyewe, na ninavyosikia ndivyo namba za watoto wetu zilivyopatikana: kiungo kilipita kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine kikiahidi majibu ya mitihani ya majaribio.

Kwa simu za Android ipo programu ya Google ya bure inayoitwa Family Link. Mzazi anaidhinisha programu kabla mtoto hajaipakua, na anapanga saa ya simu kujifunga usiku. Haimwonyeshi mzazi ujumbe ambao mtoto anaandikiana na watu, kwa hiyo asije mtu akaiweka kisha akaacha kuzungumza na mtoto wake.

Baba Lusajo, 20:51
Na ile namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, 15040? Si tuitume huko, waifunge tu?

Mwalimu Tusa, 20:58
Baba Lusajo, 15040 ni kwa ajili ya ujumbe wa utapeli, kama ule wa "ile hela itume kwenye namba hii". Jambo hili ni la jinai dhidi ya mtoto, nalo linapelekwa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Ukitaka ushauri kabla ya kwenda, au mtoto mwenyewe akitaka kuzungumza na mtu asiye mzazi wake, ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Na kwa kuwa laini wanazotumia watoto zimesajiliwa kwa vitambulisho vyetu, kila mzazi apige *106# ajue ni laini zipi zilizo kwenye jina lake.

Mama Neema, 21:05
Mimi naona njia fupi ni kuweka hapa kikundini hayo mazungumzo na hizo picha alizotumiwa huyo mtu, ili kila mzazi aone na kumtambua mtoto wake.

Mama Subira, 21:06
Kama mlivyofanya kwa mtoto wa Mama Tumaini?

Baba Lusajo, 21:14
Mama Subira, hayo ni ya mwaka juzi. Tulikuwa tunamtafuta aliyeirusha picha ile.

Mama Subira, 21:16
Mlimpata?

Mama Subira, 21:24
Nimeuliza, kwa sababu picha ilitoka katika simu ya mtu mmoja ikaingia katika simu za mtaa mzima kupitia kikundi hiki hiki, tena ikiwa na maneno "tusaidieni kumtambua". Yule binti alihamishiwa shule ya Tukuyu. Mama yake bado yumo humu kikundini, na sijamwona akiandika neno tangu siku ile.

Mwalimu Tusa, 21:33
Mama Neema, najua nia yako ni njema, lakini tafadhali asiweke mtu picha yoyote. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za mtoto. Kusema ulitaka kuwaonya wengine hakutakuokoa. Tunza namba, tarehe na maneno ya mtu huyo kwa skrinishoti, nenda navyo polisi, kisha ndipo umzuie asiweze kuandika tena. Na kama kuna mtoto ambaye picha yake imeshatoka, mzazi wake aniandikie pembeni. Ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto, ambayo huchukua alama ya utambulisho ya picha bila picha yenyewe kuondoka kwenye simu, na majukwaa yaliyojiunga nayo, kama Facebook, Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuitafuta picha na kuiondoa.

Mama Neema, 21:40
Nimeelewa, Mwalimu.

IJUMAA

Babu Gwakisa, 05:54
Wanangu, nimesoma yote, nikarudia kusoma usiku. Nyumba yangu niliitoa kwa kikao na sikatai. Lakini mtoto wa Mama Tumaini alikuwa akija kwangu kuchuma maparachichi, na tangu mambo yale hakupita tena mbele ya mlango wangu mpaka alipoondoka. Hakuna aliyekwenda kwa mama yake. Sasa mnataka kuwaambia watoto wetu kwamba wakipatwa na jambo watueleze, nao wanajua vizuri tulivyomtendea yule. Kila mtu mwenye picha ile katika simu yake aifute leo. Na kabla ya saa tisa kesho, watu waende kwa Mama Tumaini, wakae chini, wamwombe radhi. Nikisikia hawajaenda, mlango wangu hautafunguliwa.

Mama Atupele, 06:10
Shikamoo Babu. Tumesikia.

Dada Rehema Wakala, 06:22
Shikamoo Babu. Nimetazama, kwangu haimo.

Mwalimu Tusa, 06:30
Shikamoo Babu. Naomba kuongeza kwamba kuifuta picha kwenye mazungumzo hakutoshi, kwani mara nyingi WhatsApp huwa imeshaihifadhi kwenye galari. Tafuteni huko pia, na kwenye kikapu cha vilivyofutwa.

Mama Neema, 07:02
Nimeikuta kwenye galari, Babu. Nimeifuta.

Mama Atupele, 07:15
Nahitaji watu wawili wa kwenda nami kwa Mama Tumaini leo jioni, na ningependa mmoja wao awe baba. Pia mama mmoja kati ya wale watatu amekubali twende naye polisi, ila anamsubiri mume wake arudi kutoka Tunduma. Nimemwomba tusisubiri, hajanijibu.

Mama Subira, 07:20
Mimi nitakwenda nawe.

Mama Atupele, 11:47
Bado ninatafuta baba mmoja.

Mjomba Eddy, 12:30
Mimi leo niko shambani Isyonje mpaka usiku. Nisingependa kuahidi nisichoweza.

Baba Lusajo, 16:05
Nimekuwa nikifikiri tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyeipeleka picha ile kwenye kikundi kingine, na nadhani mnajua. Sijui kama Mama Tumaini atapenda kuniona mlangoni kwake. Muulizeni kwanza.

Mama Atupele, 16:11
Nitamuuliza, Baba Lusajo. Ubaki karibu na simu. Na Lusajo mwambie leo, kwa kinywa chako, kwamba hana kosa kwa kuandikiwa.

Baba Lusajo, 16:40
Hilo nitalitazama.

Mama Gloria, 19:26
Samahanini, nilikuwa safarini na nimesoma sasa hivi. Gloria ameniambia ameandikiwa na namba hiyo pia. Kikao bado ni kesho saa tisa?

Mama Atupele, 19:29
Ninatoka kwa Mama Tumaini sasa hivi. Alitufungulia, ila hajasema kama Baba Lusajo aje. Usifute chochote, Mama Gloria. Ninakupigia.