Julai 7 tunavaa fulana za Kiswahili, Julai 8 napewa barua ya kukatwa mshahara kwa kukitafiti

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mhadhiri msaidizi wa fasihi ya Kiswahili katika chuo kimoja cha umma. Jina la chuo sitaji, na msije PM kunibembeleza, nina watoto wanasoma. Niko mwaka wa tatu wa uzamivu. Ninachotafiti ni tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu ambazo bado ziko kwenye makasha ya familia za Mrima, kuanzia Tanga kushuka Pangani. Sizungumzii zilizokwisha kuchapishwa. Nazungumzia zile ambazo bibi wa watu anazo kwenye kanga kuukuu, hawezi kuzisoma, ila anajua marehemu mumewe hakuruhusu mtoto azishike bila udhu.

Jana ilikuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Chuoni kwetu kulikuwa na ngoma, keki, fulana na mgeni rasmi. Mgeni rasmi akasema Kiswahili ni bidhaa, tukakiuze duniani. Nikapiga makofi kama wenzangu. Leo saa tatu asubuhi uhasibu wamenikabidhi barua: nisiporejesha masurufu (fedha za kazi unazopewa mkononi, kisha unazitolea hesabu kwa risiti) ya shilingi 3,200,000 kufikia Ijumaa, mshahara wangu unaanza kukatwa.

Sasa sikieni hayo masurufu yalivyopatikana.

Mwaka juzi chuo kilitangaza fedha za ndani za utafiti, "kwa fani zote". Nikafungua fomu. Inataka ukubwa wa sampuli. Inataka orodha ya vifaa vya maabara. Inataka nadharia tete. Halafu kuna kipengele kinaitwa kiwango cha utayari wa teknolojia, unachagua namba kuanzia 1 mpaka 9. Nikampigia mhusika kumuuliza mtu wa fasihi anajaza nini hapo. Akanijibu, "We mwalimu jaza yoyote, mfumo haukubali ukiacha wazi." Nikajaza 4. Baadaye ndiyo nikasoma maana yake: teknolojia imeshajaribiwa maabara. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za chuo chetu kuna utenzi wa karne ya 19 uliofaulu majaribio ya maabara. Wanasayansi wa humu mnione.

Andiko likarudi na maoni ya watathmini. Mmoja kasema mtafiti hajaonesha tatizo linalotatuliwa. Mwingine kauliza, namnukuu neno kwa neno, "Kwa nini tenzi na si kilimo?" Nikakaa wiki nzima sijui nijibu nini. Mwisho nikafanya ambacho wote tunafanya na hatusemi: nikachomeka "utalii wa kiutamaduni" kwenye ukurasa wa kwanza na "uchumi wa buluu" mara sita. Likapita! Sikubadilisha chochote kingine. Nikaona aibu, lakini nauli ni nauli.

Niliomba milioni 9.4: kamera na stendi yake, nauli, malazi, makasha ya kuhifadhia karatasi, na posho ya mzee mmoja wa Tanga anayezisoma hizo hati kama anasoma gazeti. Nikapewa milioni 3.2. Sawa. Ila zimeingia lini? Juni 19, mwaka huu. Na mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30. Miezi ishirini ya kusubiri, siku kumi na moja za kutumia, vinginevyo zinarudi.

Kamera ikafa hapohapo. Manunuzi lazima yapite NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, muuzaji awe amesajiliwa humo, ankara kifani tatu, afisa manunuzi yuko semina Morogoro. Nikasema potelea mbali, nina simu. Nikapanda basi.

Yule bibi nilimwona mara ya kwanza mwaka 2023, ng'ambo ya pili ya mto Pangani. Unavuka kwa pantoni hadi Bweni, kisha bodaboda ya muda mrefu. Safari ile nilikwenda kwa hela yangu ya mfukoni, sikuwa na kifaa chochote, nikapiga picha kurasa chache nikamwahidi nitarudi baada ya Idi na vifaa vya maana pamoja na makasha ya kuhifadhia. Safari hii nimefika, nimesema shikamoo, ameitikia marahaba, akanitazama kwa muda. "Mjukuu wangu, ulisema baada ya Idi. Idi ngapi zimepita?"

Akaleta ile kanga. Mchwa walishapita. Karibu nusu ya karatasi ni vumbi, na zilizobaki zimegandana kwa unyevu wa chumvi, ukizifungua unasikia zinakatika. Mzee niliyekwenda naye alisoma beti kama thelathini, kisha akavua miwani, akasema hapa katikati pamekwenda. Hakuna nakala nyingine tunayoijua. Zile kurasa chache nilizopiga 2023 kwa simu ya zamani, zenye kivuli cha kichwa changu mwenyewe, ndizo pekee zilizobaki za sehemu hiyo.

Niliporudi nikapeleka hesabu. Uhasibu wanataka risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Wakuu, bodaboda wa Bweni ana mashine ya EFD? Mama aliyetupikia wali na samaki siku nne anayo? Mzee wa miaka karibu themanini, aliyejifunza hati madrasa, niliyempa posho ya kazi ambayo chuo kizima hakina mtu wa kuifanya, nimwambie anikatie risiti? Nilipeleka majina, saini, namba za simu, na barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye mhuri. Zimekataliwa. "Mwalimu, mkaguzi hataelewa."

Hiyo ndiyo fedha yetu ya ndani. Sasa tuzungumzie ya nje, maana najua kuna mtu anaandika sasa hivi kwamba "si muombe wafadhili".

Tumeomba. Humanitia (lugha, fasihi, historia na fani za aina hiyo) ya nchi hii imeishi kwa wafadhili muda mrefu. Lugha zetu wenyewe, ile kazi ya kuzunguka nchi nzima kuziorodhesha iliyozaa atlasi ya mwaka 2009 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ililipwa na Waswidi kupitia Sida, shirika lao la misaada. Kuanzia 2008 kulikuwa na mpango wa Wamarekani, African Humanities Program, fedha za shirika la Carnegie zikipitia ACLS, baraza la vyama vya wasomi la huko. Ulihudumia Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na sisi. Ndugu zetu Wakenya hawakuwamo kabisa. Nina walimu waliomaliza uzamivu na kuandika vitabu kwa mpango ule, maana ulikuwa unalipia kitu kimoja ambacho hapa hakilipwi: muda wa kukaa na kuandika. Mpango huo umefungwa. Na huko Marekani kwenyewe Aprili 2025 shirika lao la serikali la humanitia, NEH, lilifuta ruzuku zaidi ya elfu moja ambazo lilikwisha kuzitoa. Watu wamelala wana mradi, wameamka hawana. Sasa sisi tuliokuwa tunasubiri makombo ya meza ile tusimame wapi?

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, tuliambiwa tangu darasa la tatu. Lakini ya kwetu ikoje? COSTECH iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na jina lake ni Tume ya Sayansi na Teknolojia, limesema lenyewe. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967, ila kazi yake ni kusimamia na kukuza lugha, haikuundwa kuwa mfuko wa ruzuku za utafiti. Samia Scholarship, jambo zuri, nawapongeza vijana, inakwenda kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi. Aliyepata daraja la kwanza kwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) yeye asubiri bodi ya mikopo. Kuna ofisa mmoja alinishauri niende kwenye Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Nikaenda kusoma masharti. Ule unatoa mikopo kwa wasanii. Yaani nikope, nikasome utenzi wa bibi, halafu nirejeshe kwa mauzo ya nini?

Wakenya msicheke. Sheria yenu ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti. Tunajuana.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Mwaka 2021 Mozilla, wale wa Firefox, walipata dola milioni 3.4 kutoka kwa Gates, Wajerumani na Waingereza ili kukusanya sauti za Kiswahili za kufundishia kompyuta. Sina ugomvi nao, kazi ni nzuri na data ni ya wazi. Ila tazameni: Kiswahili kikiwa data kina mamilioni ya dola, kikiwa utenzi hakina nauli ya pantoni. Nakala ya mwaka 1728 ya Utendi wa Tambuka, miongoni mwa miswada ya kale kabisa ya Kiswahili tunayoijua, iko Hamburg. Mtu wa Pangani akitaka kuiona kwa macho yake aanze na viza ya Schengen, euro 90, na taarifa ya benki ya kuonesha kwamba hana nia ya kubaki huko kuosha vyombo. Chuo cha SOAS kule London angalau wameweka miswada yao mingi mtandaoni, hilo nawashukuru kwa dhati, usiku mwingi nimesoma kwa bando langu. Lakini iliyokwenda Ulaya imepona mchwa. Iliyobaki kwetu ndiyo inaliwa. Mnataka nihitimishe nini hapo, kwamba walifanya vizuri kuichukua? Sitaki kufika huko, na kila nikiikumbuka ile kanga najikuta nimeshafika.

NYONGEZA (saa 2 usiku)

Nimesoma majibu yenu. Aliyesema "ungesoma sayansi kama wenzako" nimemwelewa. Siku akiugua naye ataelezwa ugonjwa wake kwa Kiswahili, na kuna mtu alikaa chini kutafuta maneno hayo. Neno UVIKO halikuota shambani.

Waliouliza kwa uungwana hela za humanitia ziko wapi kwa sasa, ninachojua mimi ni hiki. Kama una nyaraka au miswada iliyo hatarini kwenye nyumba za watu, Endangered Archives Programme ya British Library ndiyo saizi yake. Ndiyo iliyolipia kupiga picha miswada ya Msikiti wa Riyadha kule Lamu. Kama ni lugha inayokufa, si Kiswahili, nenda ELDP, mpango wa kurekodi lugha zilizo hatarini, siku hizi wako Berlin. Gerda Henkel wa Ujerumani wana ufadhili wa uzamivu wa Lisa Maskell, ni wa humanitia hasa, na Waafrika wa kusini mwa Sahara wamo. CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika, ni yetu wenyewe tangu 1973, fuatilieni matangazo yao. Kazi yako ikigusa anthropolojia, wakfu wa Wenner-Gren wa Marekani hawaulizi uraia, mwisho wa kuomba ni Mei 1 na Novemba 1. BIEA, taasisi ya utafiti ya Waingereza iliyoko Nairobi, wana ruzuku ndogondogo ambazo kwa mtu wa nauli kama mimi zinatosha. Zote zinapokea andiko la Kiingereza, zingine hata la Kijerumani au Kifaransa. Andiko la kutafiti Kiswahili, kwa Kiswahili, sijaliona linakopokelewa.

Na anzeni mapema na barua za mapendekezo. Kuna profesa niliomba barua Januari, akanijibu Aprili kwa emoji ya dole gumba.

Aliyeniambia "tengeneza risiti tu mtaani kama kila mtu": kaka, najua zinapotengenezwa, na wewe unajua. Sifanyi. Nimebakiza jina, mengine yote yamekwenda na mchwa.

Aliyeuliza kama bibi amekubali nichukue zilizobaki: hapana, na ana haki. Amezifunga upya kwenye kanga nyingine. Amesema nikija na kasha nililoahidi, tutaongea.

Sasa naomba msaada wa kweli. Kama kuna mhasibu au mhadhiri humu aliyewahi kurejesha masurufu ya kijijini bila EFD na yakakubaliwa, aniambie alitumia waraka gani, namba yake na mwaka wake, ili niuambatanishe kwenye majibu yangu. Na kama kuna mtu anajua fundi wa Tanga mjini anayetengeneza kasha la mbao lisiloliwa na mchwa, la futi mbili kwa moja na nusu, anitumie bei. Kasha nalipa mwenyewe. Mpaka Ijumaa mshahara bado ni wangu.