Mjadala: Oysterbay na Masaki, kivuli kile ni cha nani?

MLETA MADA

Wakuu, heshima kwenu. Jumapili iliyopita nilishuka daladala Namanga, hapahapa Dar es Salaam, nikaamua kutembea kwa miguu mpaka Coco Beach kula mihogo. Njiani kuna nyumba niliyoizoea tangu utoto, ya zamani, vigae vyekundu, baraza pana linalopokea upepo wa bahari. Haipo. Pamezungushiwa mabati, na ndani mbuyu umeshaangushwa. Mbuyu hautoi mbao; unachambuka nyuzinyuzi kama mua uliotafunwa, na mlinzi alikuwa amezikusanya akazikalia. Akaniambia linakuja jengo la fleti. Ghorofa ngapi? "Kumi na ushee, mzee. Wenyewe ndio wanajua."

Basi naomba tujadili: Oysterbay na Masaki zibaki mitaa ya nyumba chache na miti mingi, au zifunguliwe kwa maghorofa kama Upanga?

Msimamo wangu nautoa mapema tusije tukatafutana. Ghorofa silichukii. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kiwanja kile ni habari ya mwenye hati peke yake.

Historia kidogo. Mwaka 1891 Wajerumani walipohamishia makao makuu yao Dar es Salaam, kanuni zao za ujenzi zilitaka upande wa bahari pajengwe nyumba za kizungu tu. Mwingereza alipokuja akalipanga jiji kwa kanda. Sehemu aliyoirithi ilipomjaa, akavuka mlango wa mto Msimbazi, na kufikia miaka ya 1930 Oysterbay ikawa ndiyo makazi ya maofisa wake: kiwanja kikubwa, nyumba katikati, na kule nyuma kibanda cha boi chenye chumba kimoja. Kisha ikaja ramani kuu ya mwaka 1949, ya kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb, iliyogawa jiji kwa ujazo mdogo, wa kati na mkubwa, yaani nyumba chache, za wastani au nyingi kwa eneo. Maneno ya kitaalamu hayo, lakini hakuna aliyehitaji mkalimani: Mzungu Oysterbay, Mhindi Upanga, Mwafrika Ilala, Magomeni na Temeke. Mtaani walisema bila kupepesa macho: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Leo vijana wanasema ushuani na uswazi wakidhani wamebuni wao. Na ukienda kutafuta kiwanja hata Kigamboni, bado utaulizwa unataka cha ujazo gani.

Baada ya uhuru majina ya barabara yakabadilika, tukapata Toure, Haile Selassie na Kenyatta. Nyumba zikabaki za serikali, zikakaliwa na wakubwa wetu. Baba yangu alikuwa dereva wa mmoja wao, na mimi nimekulia kwenye kile kibanda cha nyuma. Asubuhi mfanyakazi wa serikali alikuja na mpira wa maji kunywesha miti. Mshahara wake ulitoka kwenye kodi ya mkulima wa Nachingwea, hilo nimelielewa ukubwani. Halafu kuanzia mwaka 2002 nyumba za serikali zikauzwa kwa watumishi, maelfu yake nchi nzima, na huku kwetu hata bustani zikaenda humohumo.

Karibuni.

GETI JEUSI

Mkuu, umeandika vizuri lakini umenigusa. Mimi ni mmoja wa hao waliouziwa, au tuseme baba yangu aliuziwa. Alitumikia serikali miaka 31. Mshahara wake wewe mtoto wa dereva unaujua, maana ulipishana kidogo tu na wa baba yako. Nyumba ilikuwa inavuja, nyaya za umeme zilikuwa za tangu enzi za gavana. Tumeikarabati kwa jasho letu na kodi ya ardhi tunalipa kila mwaka.

Sasa mzee amefariki, tuko watoto sita. Nyumba moja haigawanyiki mara sita. Amekuja mwekezaji anasema: toeni kiwanja, mimi nitoe fedha, nijenge fleti, kila mmoja wenu apate yake, zinazobaki zangu. Nikatae kwa sababu kuna mtu anapita Jumapili kwenda kula mihogo na anapenda kuuona mbuyu?

Na nikuulize jambo jingine. Magomeni Kota zilibomolewa, yakajengwa maghorofa kwa ajili ya zile kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale, yakazinduliwa mwaka 2022, nchi nzima ikapiga makofi. Kwa nini Magomeni wapande juu na Oysterbay ibaki chini? Huoni kwamba wewe ndiye unayelinda ramani ya mwaka 1949?

KIPIMAMAJI

Hapo Geti Jeusi amempiga mleta mada pabaya, na mimi kama mtu wa mipango miji namuunga mkono nusu.

Sensa ya mwaka 1967 ililikuta jiji hili na watu wasiofika laki tatu. Ya mwaka 2022 imehesabu 5,383,728. Hao watu wamekwenda wapi? Wamekwenda Chanika, Bunju, Mbagala ndani ndani, kila mmoja na kiwanja chake cha hatua ishirini, na serikali inawakimbiza na bomba la maji bila kuwafikia. Kuacha eneo la dakika kumi kutoka mjini likiwa na nyumba moja kwenye kiwanja kinachotosha kaya arobaini ni anasa, na anayeigharamia ni yule wa Chanika anayelala kwa muda wa saa nne tu kwa sababu ya safari.

Nusu ya pili sasa. Ghorofa halisimami hewani. Niliwahi kupanga chumba Masaki, jengo jipya, lifti inang'aa. Saa kumi na moja alfajiri linakuja gari la majitaka, linashusha mpira, linaanza kunguruma chini ya dirisha langu. Siku tatu baadaye tena. Jengo lenye familia zaidi ya thelathini linaishi kwa shimo! Uani kote lami, hakuna hata ukoka, kwa hiyo mvua ya masika ikinyesha maji yote yanatoka getini yanakwenda kwa jirani. Udongo na mizizi vilikuwa vinakunywa yale maji. Ukiviondoa weka mtaro, na mtaro haupo, kwa sababu barabara zile zilichorwa kwa ajili ya nyumba chache na gari la bwana mkubwa.

Mimi ningesema ghorofa nne au tano, robo ya kiwanja ibaki udongo mtupu, na kibali kisitoke kabla bomba la majitaka halijafika. Mwekezaji hatalipenda hilo. Na asilipende.

MJUKUU WA MVUVI

Nawasoma nacheka. Wajerumani, Waingereza, Gibb. Mnaongea kana kwamba kabla yao pale palikuwa na popo tu.

Msasani ni kijiji. Wazee wetu husema jina limetokana na mtu, Musa Hasani. Mwenye kubisha akabishane na wazee. Mababu wamezikwa pale. Ngalawa zilikuwa zikichongwa pale kabla Masaki haijaitwa ghali, na mpaka leo samaki wananadiwa pwani yetu alfajiri, wapishi wa hizo nyumba zenu wanakuja na ndoo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipochagua pa kujenga nyumba yake alikuja Msasani, akatukuta tupo.

Hasira yangu mimi si ghorofa wala mbuyu. Ni njia. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na vichochoro visivyo na idadi vya kuteremkia baharini. Kimoja baada ya kingine vimekuwa ukuta. Kuna hoteli moja, jina naliacha, iliweka geti kwenye njia iliyokuwa ikipitisha majeneza na nyavu, ikatuambia tuzunguke. Tunazunguka! Kwa hiyo mkimaliza kugawana kivuli mtukumbuke na sisi tunaotaka upana wa mita mbili tu za kufikia maji.

DADA WA MBAGALA

Shikamooni kaka zangu. Mimi nafanya kazi za ndani Masaki mwaka wa nane sasa. Naamka saa kumi, magari mawili, halafu natembea.

Sitazungumzia Wajerumani, nitawaeleza ile sehemu ya kutembea. Kutoka kituoni mpaka kwa bosi ni kuta mwanzo mwisho. Nje ya ukuta ndipo ingekuwa njia ya miguu, lakini kila mwenye nyumba amepanda maua yake pale, amepanga mawe yaliyopakwa chokaa, wengine wameweka vyuma gari lisiegeshwe. Sisi tunapita barabarani na magari yanatupigia honi kama sisi ndio wakosaji. Mvua ikinyesha ndiyo balaa, unafika kazini umelowa matope mpaka magotini na unaulizwa kwa nini umechafua sakafu.

Miti mnayoililia iko ndani ya kuta. Mimi naipata saa sita ninapoanika nguo. Kwa njiani kivuli ni cha ukuta, na saa saba mchana ukuta hauna kivuli.

Hayo maghorofa nayo si ya kwangu. Yule bosi wa kwanza kodi alilipa kwa dola. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za dola, sawa, sasa wanataja shilingi ambazo ni zilezile dola zimevaa kanga. Ila nikiambiwa nichague, nachagua ghorofa. Nyumba moja inaajiri watu watatu. Jengo lina walinzi, wafagiaji, fundi wa lifti, na kila mlango msichana wa kazi. Na mama wa chai na chapati atasimama pale nje.

MLETA MADA

Dada yangu, marahaba. Umenifunga mdomo kuliko wote. Nimeirudia safari yangu ya Jumapili kichwani, na kweli, kivuli nilichokipata kilikuwa cha matawi mawili yaliyoruka ukuta kwa bahati.

Geti Jeusi, na lako nalikubali. Kosa la kuuza halikuwa la baba yako. Mtu akiuziwa nyumba aliyokwisha ishi miaka mingi, nani angesema sitaki? Lakini tusiseme ni jasho tu. Kiwanja kile kinathaminiwa leo kwa sababu miaka zaidi ya sabini kilikatazwa kujengwa nyumba ya pili, na katazo lile lilikuwa la umma, tena chanzo chake ni ubaguzi. Mwekezaji hanunui vigae vya baba yako, ananunua ile nafasi. Sasa nafasi inageuzwa fedha, na umma ulioitunza haupati hata njia ya miguu! Hapo tu ndipo ninapong'ang'ania. Jenga. Lakini rudisha ukuta ndani mita mbili, upande ule wa maua na mawe ya chokaa. Acha mti mmoja nje. Njia ya mjukuu wa mvuvi isiguswe.

Msione ni ndoto. Coco Beach imewahi kutamaniwa, kesi na mabishano yakawepo, na mpaka leo mtu wa Tandale anakwenda na watoto wake bila kiingilio, wanakula mihogo na kachumbari, pilipili inawatoa machozi, wanaogelea na nguo zao. Daraja la Tanzanite limetua karibu kabisa na hapo mwaka 2022, na bado ufukwe uko wazi.

Kipimamaji, ghorofa tano nakubali. Sita tutagombana.

GETI JEUSI

Mita mbili kwa urefu wote wa mbele ni nafasi ya magari mangapi unajua? Ndugu zangu watano hawatanielewa.

Ila nimekwenda kuutazama mchoro jana usiku, kwa sababu ya huyu dada. Kwetu hakuna mbuyu, kuna mkwaju, uko pembeni karibu na barabara. Kwenye mchoro wameuondoa, pamewekwa maegesho ya magari sita. Nimemwandikia mchoraji nikamuuliza kama matano hayatoshi. Mpaka sasa hajanijibu.