Chloronotus, pulcher au maculipennis? Kindege wa Himalaya

Kijiti: Habarini wadau. Nina picha ya kindege wa kijani, mistari miwili bawani, alikuwa akidonoa wadudu majanini huko Himalaya. Nimekwama kati ya spishi tatu za jenasi ya Phylloscopus, vindege wadudu wa majanini wanaofanana sana: chloronotus, pulcher na maculipennis. Picha inachapwa Ijumaa, jina lazima liwepo.

Shina: Mkuu, Himalaya ni ndefu. Sehemu gani, mwezi gani, mwinuko gani? Ulipiga kutoka juu au chini?

Mtazamaji: Anza na koo. Maculipennis ana koo la kijivu na tumbo la njano. Kama hayo hayapo, mfute. Kisha mistari ya bawa: pulcher ana rangi ya chungwa iliyopauka, chloronotus njano nyeupe.

Shina: Rangi ya mstari ndiyo inayopoteza watu. Manyoya yakichakaa baada ya kuzaliana, mstari mkubwa hupauka na ule mdogo wa juu huweza kutoweka kabisa. Picha ikizidi mwanga, rangi ya chungwa nayo huwa nyeupe. Tazama mkia. Pulcher na maculipennis wana weupe mwingi kwenye manyoya ya pembeni, chloronotus hana. Mkia ukifungwa, manyoya ya pembeni ndiyo hukaa chini kabisa, kwa hiyo picha ya kutoka chini huonyesha weupe huo vizuri kuliko ya kutoka juu.

Kijiti: Uttarakhand, kaskazini mwa India, Januari, kama mita 1,200. Nilipiga kutoka chini. Koo jeupe lililofifia, mkia wa kijivu mtupu.

Mtazamaji: Chloronotus. Chapa.

Msitu_Baridi: Haraka ya nini? Mmemsahau humei, spishi nyingine ya Phylloscopus. Naye hana weupe mkiani, na majira ya baridi naye hushuka maeneo ya chini. Chloronotus ana kiraka cha njano kiunoni, juu kidogo ya mkia, na mstari wa njano katikati ya utosi. Kiuno cha humei ni kijani kama mgongo. Kiraka huonekana hasa ndege anapoelea mbele ya jani. Kuna fremu ya namna hiyo?

Karatasi: Angalia na kitabu unachotumia. Vya zamani humweka chloronotus ndani ya spishi ya proregulus, jina ambalo siku hizi ni la yule anayezaliana Siberia.

Mtazamaji: Hilo la majina lina uzi wake. Hapa tunataka utosi.

Karatasi: Jina ndilo linalochapwa, mkuu.

Kijiti: Kuna fremu moja ameinamisha kichwa, haijatulia sana. Naipandisha jioni.