MJADALA: Faini kwa mama aliyejifungulia nyumbani, ni haki?

Wadau, kuna vijiji vina sheria ndogo: ukijifungulia nyumbani, familia inalipa faini, na ukipeleka mtoto kliniki unaanza kwa kugombezwa. Mimi naipinga.

Jirani yangu alishikwa na uchungu saa nane usiku, masika yamekolea. Mfuko alishaufunga zamani: glovu, pamba, wembe, uzi wa kitovu, khanga tatu. Bodaboda akafika mtoni, akageuza. Akajifungulia sakafuni, mama mkwe kamshikia tochi ya simu. Mtoto mzima, mama mzima. Wiki iliyofuata mwenyekiti huyo mlangoni, anadai faini. Mto hakuudai kitu.

Siikatai hospitali, msinisome vibaya. Mwaka 2015/16 Tanzania, watoto 63 kati ya 100 walizaliwa kwenye vituo vya afya. 2022 wakafika 81. Lakini anayevuja damu haokolewi na bati la zahanati. Anaokolewa na oksitosini, dawa ya kuzuia damu kuvuja baada ya kujifungua, iliyotunzwa kwenye friji, damu ya kuongezewa, na mtu aliye macho saa hiyo. Zahanati yetu usiku ina nesi mmoja, friji ikitegemea umeme unaokuja na kuondoka.

*

Mkunga mstaafu, Tanga:
Mleta mada, jirani yako alibahatika. Wengi niliowapokea wamechelewa waliambiwa nyumbani "bado, bado". Damu haipigi hodi: mama anaongea na wewe vizuri, robo saa baadaye godoro limelowa. Faini siipendi, ila ilipowekwa kwetu, waume ndio walioanza kuweka nauli mapema. Hilo mbona hamlisemi?

*

Mama wa wawili, London:
Wa pili nilimzalia sebuleni, kwa mpango. Utafiti wa England uliotoka 2011, wanawake zaidi ya 64,000 wasio na hatari kubwa, ulionyesha kwamba kwa aliyekwisha kuzaa, kupanga kujifungulia nyumbani hakukumwongezea mtoto hatari. Kwa uzazi wa kwanza mambo yalibadilika: madhara makubwa kwa mtoto kama 9 kwa kila 1,000 waliopanga nyumbani, waliopanga hospitali 5. Tena hao wa kwanza, karibu 45 kati ya 100 walihamishiwa hospitali. Walihamishika! Wakunga wangu walikuwa wawili, wenye leseni, na gari la wagonjwa ni la kupigiwa simu tu. Kwa hiyo msinifanye mimi ushahidi wa kuzalia ng'ambo ya mto.

*

Mleta mada:
Shikamoo bibi mkunga. La waume umenishika, nakubali. Ila hapa kwetu aliyelipa ni mama mwenyewe, kauza kuku. Kwenye mkutano wa kijiji nitauliza moja tu: hela za faini zinaingia mfuko gani, na kwa nini zisimlipe bodaboda wa zamu ng'ambo ile, masika yote?