Mrejesho: dawa ya mawimbi kwenye nywele za singa

Assalam aleikum shoga zangu. Niliuliza kama nitie dawa ya mawimbi nywele zangu za singa, maana zilikuwa zimelala kichwani kama zilizopigwa pasi. Ahsanteni nyote, hasa aliyesisitiza nijaribu kwanza shungi moja la nyuma kwa vile nina hina ya zamani.

Alinifaa mno. Msusi wa huku Mji wa Kale alilizungushia rola lile shungi, akatia dawa, akasuuza, kisha akatia ile ya kukazia. Kwenye nywele mpya wimbi lilikaa zuri. Nchani penye hina halikushika kabisa, pakakauka tu. Basi nikakata hadi mabegani, ndipo tukatia kichwa kizima, kwa rola nene. Nyembamba nilizikataa, sitaki vipilipili mie.

Sasa zimejaa, hata nikivua mtandio hazijalala. Ila utosini wimbi limeshalegea, na unyevu huu wa Mombasa unazitimua. Aliyesema nisioshe siku mbili za mwanzo, nilimsikiza. Mafuta ya nazi natia nchani tu. Yakifika kwenye mizizi, zinalala tena.