Tunataka kusomesha wasichana, tuanzie wapi?

Nyota ya Alfajiri
Habari zenu wanajukwaa. Sisi ni wanawake kumi na mmoja, tuna kikundi cha kuchangiana. Tumekubaliana sehemu ya mfuko wetu isomeshe wasichana wa sekondari katika nchi ambazo wengi wao hawamalizi. Wenzangu wanataka tulipie wasichana ishirini ada ya mwaka mmoja. Mimi moyo unasita, ila hoja ya kuwaambia sina. Wenye uzoefu, nisaidieni.

Mwalimu Mstaafu
Hongereni sana, mwanangu. Nimefundisha sekondari miaka 26, na mingi kati ya hiyo nilikuwa mwalimu wa malezi. Moyo wako unasita kwa haki. Wasichana wangu wengi walioacha shule walikuwa wameshalipiwa ada.

Mmoja simsahau. Kengele ya mwisho ikilia, haondoki kwenye dawati. Anangoja wenzake watoke wote, ndipo anafunga sweta kiunoni na kutoka akipita kando ya ukuta. Nilichelewa kuelewa. Daftari la mahudhurio ndilo lililonifumbua macho: kila mwezi siku nne au tano hayupo, tena zinafuatana. Tukatafuta taulo za kike, ndoo ya maji, na komeo la ndani la mlango wa choo. Komeo, jamani! Muhula uliofuata hakukosa hata wiki moja.

Umbali nao unaua masomo. Jimbo la Bihar, India, tangu 2006 liliwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununua baiskeli, na walioandikishwa wakaongezeka, hasa vijiji vilivyo mbali na sekondari.

Kwa hiyo ishirini kwa mwaka mmoja, hapana. Chukueni wanne mpaka wamalize.

Dada wa Pili
Mwalimu kasema kweli tupu. Mimi nilikuwa mmoja wa hao "ishirini". Mwaka wa pili niliitwa ofisini, nikaambiwa mfadhili hayupo tena. Nilirudi nyumbani na begi langu, na kabla mwaka haujaisha posa ya kwanza ikaja. Shangazi ndiye aliyenisimamia nikarudi shule.

Msiwasahau wazazi. Bangladesh mwaka 1994 walianza kuwalipa posho wasichana wa sekondari kwa masharti: ahudhurie asilimia 75 ya siku za masomo, na asiolewe. Mzazi aliyebanwa na shida akiona binti analeta kitu nyumbani, anapata nguvu ya kumwambia mposaji asubiri.

Na waliokwisha kuzaa pia wanataka kusoma. Sierra Leone iliondoa katazo la wajawazito kusoma shuleni Machi 2020, na Tanzania ikawaruhusu waliojifungua kurudi shule Novemba 2021. Ruhusa ipo, lakini mtoto abaki na nani? Hapo ndipo mchango wenu unahitajika.

Nyota ya Alfajiri
Shikamoo Mwalimu. Dada, pole sana, na asante kwa kutueleza. Jumamosi nawasomea wenzangu haya yote. Swali moja limebaki: fedha tumkabidhi nani?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Ada ilipeni shuleni moja kwa moja, mpewe stakabadhi. Hayo mengine ashike mwalimu wa kike ambaye wasichana wenyewe wamemtaja. Msiwaombe picha za kushukuru. Ulizeni kila mwezi, amehudhuria siku ngapi?