Ushauri: Wanafunzi wangu wanaamini kila wanachokikuta mtandaoni

Mwalimu wa Lindi: Wanajamvi, habari za jioni. Ninafundisha historia kidato cha tatu, na nimewapa wanafunzi kazi ya kutafiti dinosaria wa Tendaguru, kilima cha huku kwetu Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa yao. Karibu wote wamenakili ukurasa unaodai kwamba mifupa imekwisha kurudishwa kutoka Berlin, Ujerumani. Niwafundisheje kuchuja vyanzo?

Mama Nachingwea: Mwalimu, tatizo ni simu. Kijana wangu aliniletea dawa ya ugonjwa wa ubwiri unga wa mikorosho aliyoisoma huko huko, nikamwambia akamuulize kwanza bwana shamba.

Mjukuu wa Mikindani: Wafundishe kuuacha ukurasa mapema. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo na wahakiki wa habari. Wahakiki ndio waliotambua ukweli upesi, kwa sababu hawakukaa kuusoma ukurasa kutoka juu hadi chini, bali walitafuta kwingine watu wanasemaje kuhusu mwenye ukurasa. Huo wa wanafunzi wako ni wa nani?

Mwalimu wa Lindi: Ni wangu, niliutunga uwe mtego. Wamarekani wana ukurasa wa pweza anayeishi mitini, uliotungwa mwaka 1998, na walimu wanautumia darasani hadi leo. Sioni kwa nini wangu uwe dhambi. Nitauondoa baada ya mitihani.

Mzee wa Kilwa: Mifupa ile ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Babu zetu walitoka jasho kuipeleka. Wewe umeirudisha kwa kidole kimoja.

Msomaji Kimya: Samahani, mimi simwamini mwalimu huyu. Amejiunga leo, shule haitaji, kiungo hatoi, na simu haziruhusiwi shuleni. Huenda darasa lenyewe ni sisi.

Mwalimu wa Lindi: Wanatumia chumba cha kompyuta, ndugu yangu. Shule siitaji kwa sababu mkuu wangu bado hajajua habari za ukurasa huu.

Mjukuu wa Mikindani: Basi mweleze kesho asubuhi, kisha uandike juu kabisa ya ukurasa kwamba ni wa kutungwa. Mtego usio na mwisho uliopangwa humnasa hata asiyekuwa mwanafunzi wako.

Mama Nachingwea: Jamani, mbona kwenye kikundi chetu cha kanisa wameanza kuuliza kiingilio cha kwenda kuiona mifupa hiyo ni shilingi ngapi?